Programu Isiyosikia Jawabu Isiseme "Tayari"

Wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapokaa mchangani kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki wasikusanyike chini ya taa, ndipo aghalabu hesabu za giza lililopita, yaani siku za uvuvi zisizo na mwezi, hufanywa katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji mkoani Kigoma: magunia yaliyouzwa, mafuta ya mashine yaliyokopwa, sehemu ya mwenye chombo na sehemu za wavuvi wake. Kwa miaka mingi hesabu hizo zilikaa katika daftari kubwa lililofungwa kwa mpira, wala hakuna aliyeliona daftari hilo kuwa aibu, maana lilikuwa na sifa moja adhimu, kwamba lililoandikwa humo lilionekana kuwa limeandikwa. Siku hizi kompyuta imeingia katika vyumba vya makarani, na vijana wetu, wengine waliofundishwa vyuoni na wengine waliojifunza wenyewe kwa subira ya kustahili heshima, wanawaandikia wenye vyombo na wenye maduka programu ndogo ndogo za kushika hesabu kwa lugha ya Kiswahili. Mimi ni miongoni mwa wanaoshangilia jambo hilo. Na kwa sababu nalishangilia, naona ni wajibu wangu kusema habari ya kasoro moja inayorudiwa katika programu hizo, ambayo ni ndogo kwa urefu wa mistari na kubwa kwa hasara inayoweza kuleta.

Kasoro hiyo hukaa mahali ambapo mwenye mali hatazami. Jioni, kazi ikisha, programu humwuliza karani kama anataka kuhifadhi nakala ya hesabu katika flashi. Karani hubonyeza kitufe. Dirisha jeusi hufunguka na kufungika kufumba na kufumbua. Kisha neno TAYARI hutokea katikati ya skrini kwa herufi kubwa. Karani huchomoa flashi, huitia mfukoni, huenda zake akiwa na imani kwamba hesabu za mwezi mzima ziko salama. Ukiifungua programu hiyo na kuisoma mstari kwa mstari utakuta, katika nyingi nilizopata kuoneshwa, kwamba mstari unaoamuru nakala ifanywe unafuatwa mara moja na mstari unaoandika TAYARI, na baina ya miwili hiyo hakuna kitu. Programu imeamuru, haikusikiliza, kisha imetoa ushahidi. Flashi ingekuwa imejaa, ama imeharibika, ama haikuchomekwa kabisa, ushahidi ungekuwa ule ule.

Lugha ambayo wengi wa vijana hao huanzia ni BASIC, au mojawapo ya lugha zilizozaliwa nayo, na si jambo la bahati tu. BASIC ilianza kufanya kazi katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, siku tano baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na waasisi wake wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walikuwa na kusudi lililozitangulia zama zao: kwamba mwanafunzi wa fasihi au wa historia, asiyekusudia kuwa bingwa wa hesabu, naye aweze kukaa mbele ya mashine na kuiamuru kwa maneno machache yanayofahamika. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika BASIC kwa ajili ya kompyuta ndogo iitwayo Altair, na kwa kazi hiyo kampuni ya Microsoft ikaanza maisha yake. Mwaka 1991 QBasic ikatolewa pamoja na mfumo wa MS-DOS 5, na mwaka huo huo ikatoka Visual Basic. Kompyuta nyingi zilizotufikia huku bara kwa hisani, baada ya wenyewe wa Ulaya na Marekani kumaliza kuzitumia, zilikuja na lugha hizo ndani yake, au na mashine yenye uwezo wa kuzibeba bila taabu. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na mwalimu wala ada ya chuo alikuwa na mlango mmoja uliokwisha kufunguliwa, akaingia kwa mlango huo.

Katika BASIC za MS-DOS limo neno SHELL. Kazi yake ni kuiwezesha programu iliyo katikati ya kazi kusimama kando kwa muda, kumwita mfasiri wa amri wa mashine, yaani ile programu inayopokea maneno tunayoandika katika dirisha jeusi, kumkabidhi amri moja, kungoja amalize, kisha kuendelea pale ilipokuwa imeachia. Ni neno lenye manufaa makubwa, kwa maana linaifungulia programu ndogo hazina nzima ya amri za mashine: kunakili faili, kuziorodhesha, kupima nafasi iliyobaki katika diski, kuulizia kama mtandao unafika au haufiki. Lakini amri hizo zilitungwa kwa ajili ya binadamu aliyekaa mbele ya skrini. Majibu yake huandikwa katika skrini ili macho ya binadamu yayasome, na programu haina macho. Maneno yanapita juu ya kioo, pengine yanasema nakala imekamilika, pengine yanasema nafasi haitoshi, na programu iliyouliza, ikakaa ikingoja mpaka mwisho, inapoamka haina hata herufi moja ya jawabu hilo katika kumbukumbu yake.

Sisi wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika tunayo tarikhi ya jambo la namna hiyo. David Livingstone alipofika Ujiji mwezi Machi 1869, mgonjwa na mhitaji, aliandika barua nyingi za kwenda Unguja akazikabidhi kwa misafara, na barua hizo zikapotea njiani. Na katika miaka iliyofuata, mfuko wa barua zilizoletwa kwa ajili yake, uliotiwa alama ya tarehe 1 Novemba 1870, ulilala Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, hata Henry Morton Stanley alipoukuta huko akauchukua mpaka Ujiji alikokutana na mzee huyo mwaka 1871. Majibu yalikuwapo. Yalikuwa yameandikwa, yamefungwa, yamesafirishwa mamia ya maili. Yalichokosa ni mkono wa kuyafikisha katika baraza ya mtu aliyekuwa akiyangoja. Programu inayotumia SHELL peke yake iko katika hali hiyo kila jioni, ila yenyewe haingoji barazani, bali hutangaza kwamba barua imefika na habari ni njema.

Dawa ya jambo hili ni ya kale na haihitaji fedha. Mfasiri wa amri anaifahamu alama moja, >, ambayo maana yake ni kwamba maneno yaliyokuwa yaende kwenye skrini yaelekezwe katika faili. Programu ikisema:

SHELL "XCOPY HESABU.DAT E:\ /Y > JIBU.TXT"

maneno ya jawabu yataandikwa katika faili iitwayo JIBU.TXT badala ya kupita juu ya kioo. Programu ikishaamka huifungua faili hiyo kama inavyofungua faili nyingine yoyote, huisoma mstari baada ya mstari hata mwisho wake, na kila mstari huuweka mahali palipopewa jina, mathalani M$:

OPEN "JIBU.TXT" FOR INPUT AS #1
WHILE NOT EOF(1)
LINE INPUT #1, M$
PRINT M$
WEND
CLOSE #1

Hapo ndipo jawabu linapokuwa mali ya programu. Inaweza kulipima, kulitafuta neno ndani yake, kulihifadhi pamoja na tarehe na saa, kumwonesha karani kwa Kiswahili fasaha kilichotokea, na juu ya yote inaweza kukataa kusema TAYARI mpaka ione sababu ya kusema hivyo. Mistari michache hii, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuiandika kwa mkono wake katika dakika chache, ndiyo tofauti baina ya chombo cha kuaminika na chombo cha kupendeza macho.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba kazi imekwisha kwa kuijua alama ile, kwa sababu kupokea jawabu ni sanaa yenye adabu zake, na wengi waliojaribu wakashindwa walishindwa kwa kupuuza adabu hizo. Ya kwanza ni kutumia LINE INPUT na si INPUT tupu. INPUT huikata sentensi kila inapokutana na mkato, na amri ya DIR, katika matoleo ya karibuni, huandika ukubwa wa faili kwa kuzitenga elfu kwa mkato. Basi faili ya ukubwa wa 48,512 itasomwa kuwa 48 upande mmoja na 512 upande mwingine, na programu itafanya hesabu zake juu ya nusu ya ukweli bila kulalamika. Ya pili ni kuifuta JIBU.TXT ya jana, kwa neno KILL, kabla ya kuuliza swali la leo, baada ya kuhakikisha kwamba ipo, maana KILL nayo hulalamika ikiamriwa kufuta kisichokuwapo. Mfasiri wa amri akishindwa hata kuanza, kwa uhaba wa kumbukumbu au kwa sababu nyingine, faili ya zamani hubaki palepale na maneno yake mazuri, na programu itasoma furaha ya jana ikaitangaza kuwa ya leo. Ya tatu ni kwamba faili ya jawabu isiandikwe katika flashi ile ile inayojaribiwa, kwa kuwa flashi iliyojaa haiwezi kupokea hata habari ya kujaa kwake.

Ya nne inataka maelezo zaidi. Amri nyingi zina vinywa viwili: kimoja cha kutoa majibu ya kawaida na kingine cha kutoa malalamiko. Vyote viwili huandika katika skrini moja, kwa hiyo binadamu hatambui tofauti. Lakini alama > hukielekeza kinywa cha kwanza tu. Ukiiuliza DIR habari ya faili isiyokuwapo, katika Windows, maneno ya kusikitika kwamba faili haikuonekana hutokea kwa kinywa cha pili, yakaendelea kupita juu ya kioo ilhali faili ya jawabu haikuyapata, na programu isiyojua hilo husoma jawabu lenye upungufu ikadhani ni kamili. Katika Windows za kizazi cha NT na zilizofuata, ikiwamo XP, tiba yake ni kuongeza 2>&1 mwishoni mwa amri, yaani kinywa cha pili kifuate kinakokwenda cha kwanza. Mfasiri wa MS-DOS ya zamani hakujaliwa uwezo huo, na mwenye kutumia mashine ya aina hiyo hana budi kulijua jambo hili ili asiuchukue ukimya kuwa kheri.

Na lipo tatizo la swali lisiloonekana. Amri ya kunakili ikikuta faili yenye jina lile lile katika flashi huweza kuuliza kama ifute ya zamani, na swali hilo, kwa vile maneno yote yameelekezwa katika faili, haliji kwenye skrini. Karani anaona skrini imetulia. Mashine inamngoja karani, karani anaingoja mashine, mpaka mmoja wao azimwe. Ndiyo sababu niliiweka /Y katika mstari wa mfano, kwa maana inaiambia amri mapema kwamba idhini imekwisha kutolewa.

Lakini katika yote hayo, linalotuhusu zaidi sisi tunaokaa mpakani ni lugha ya jawabu. Kijana mwandishi wa programu hutafuta katika JIBU.TXT maneno ya Kiingereza yanayosema faili imenakiliwa, akiyakuta anaridhika. Vyema, lakini mashine zinazofika Kigoma zinatoka pande nyingi, na iliyotumika kwanza Ubelgiji, au iliyovuka ziwa kutoka Kalemie au Uvira, au iliyoteremka kutoka Bujumbura, pengine huongea Kifaransa, na programu iliyofanya kazi vizuri kwetu Kigoma itadai katika mashine hiyo kwamba nakala imeshindikana ilhali imekamilika. Nasi wenyewe tumekwisha kuanza safari ya kuifanya mashine iseme Kiswahili: tangu mwaka 2004, mradi wa KiLinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi ya Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice, imekuwa dhahiri kwamba lugha ya kioo si lazima iwe ya Kiingereza milele. Basi neno la jawabu si msingi wa kutegemewa peke yake. Walioitunga XCOPY waliona mbele, wakaipa desturi ya kuacha namba inapomaliza kazi: 0 ikiwa mambo yamekwenda sawa, 1 ikiwa haikuona faili ya kunakili, 4 ikiwa nafasi au kumbukumbu haikutosha ama jina la diski lilikosewa, 5 ikiwa diski ilikataa kuandikwa. Namba haina Kifaransa wala Kiingereza. Katika QBasic neno SHELL halirudishi namba hiyo, lakini mtu mwenye bidii huiweka amri yake katika faili ya BAT, akaongeza chini yake mstari wa IF ERRORLEVEL 1 unaoandika neno KOSA katika faili ya jawabu, na programu yake ikatafuta neno hilo, ambalo amelichagua mwenyewe na kwa hiyo halibadiliki kwa kubadilika nchi iliyotoka mashine.

Waliohamia Visual Basic hudhani kwamba wameyaacha mashaka hayo nyuma, kumbe wamekutana na mengine. Katika Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998 na ambayo ingali ikitumika katika ofisi zaidi ya moja niliyoingia, neno Shell limebadilika tabia: haliingoji amri imalizike. Programu hutuma na kuendelea papo hapo, na ikifika katika mstari wa kuifungua faili ya jawabu, faili hiyo pengine haijaandikwa, ama imeandikwa nusu. Kadhalika alama ya > haifahamiki pale mpaka amri itanguliwe na cmd /c, kwa kuwa anayeifahamu alama hiyo ni mfasiri wa amri na si amri yenyewe. Visual Basic ya kizazi cha .NET iliondoa haja ya faili kabisa, ikaweka bomba baina ya programu na amri, jawabu likipita humo moja kwa moja. Ila bomba hilo lina kipimo, na programu inayongoja amri imalize kwanza ndipo isome, huku amri nayo imelijaza bomba na kungoja lipunguzwe ndipo imalize, itakaa hivyo hivyo hata umeme ukatike. Sharti jawabu lisomwe kwanza, kungoja kufuate.

Bomba lenyewe si jambo geni. Mwezi Oktoba 1964, mwaka ule ule ilipozaliwa BASIC, Douglas McIlroy wa maabara ya Bell huko Marekani aliandika waraka mfupi akipendekeza programu ziweze kuunganishwa ili kinachotoka katika moja kiingie katika nyingine, na mwaka 1973 mwenziwe Ken Thompson akalitia wazo hilo katika mfumo wa Unix. Anayetaka kuona mambo hayo mawili yamekutana katika lugha moja na aiangalie FreeBASIC, inayopatikana bila malipo, ambamo maneno OPEN PIPE yanaifungua amri kama inavyofunguliwa faili, na jawabu lake likasomwa kwa LINE INPUT ile ile.

Nimekwisha kusikia hoja kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba kijana wa leo afundishwe lugha mpya na huduma za mtandaoni zinazohifadhi nakala zenyewe. Sina ugomvi na lugha mpya, maana kila moja ya hizo ina njia yake ya kupokea jawabu la amri, na aliyelielewa jambo kwa BASIC atalitambua kokote atakakolikuta. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba upya wa chombo unaondoa wajibu wa kusikiliza. Huduma ya mtandaoni nayo huamriwa, nayo hujibu, na jawabu lake nalo laweza kupuuzwa. Na kwetu, katika mkoa uliotegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na ambako mtandao hukatika mvua inaponyesha, nafasi ya jawabu kuwa baya ni kubwa kuliko huko huduma hizo zilikotungwa. Mtu wa Kigoma ana haja ya programu yenye masikio kuliko mtu wa Chicago.

Taifa letu lilipata kulipa gharama ya kuwa na mashine ambazo wenyeji hawakuzimudu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Na mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika katika kompyuta, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, hali iliyodumu miaka mingi na kuturudisha nyuma. Katika sababu zilizotajwa, uhaba wa Watanzania wenye ujuzi wa kuzisimamia mashine hizo ulikuwa na nafasi yake. Kwa rai yangu, ujuzi uliokosekana haukuwa wa kubonyeza vitufe, kwa kuwa huo hupatikana kwa juma moja, bali ni ule wa kuihoji mashine na kulichunguza jawabu lake kabla ya kuliamini.

Wala hesabu za mwalo si jambo la mtu binafsi peke yake. Tanzania ilipoyafunga maji ya Ziwa Tanganyika kwa wavuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kwa mapatano na nchi jirani tunazoshiriki nazo ziwa hili, ili samaki wapate kuzaliana, maelfu ya nyumba za Kigoma zilibadili namna ya kuishi. Uamuzi wa uzito huo husimama juu ya takwimu, na watafiti, wakiwamo wa kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, hawawezi kujua wingi wa dagaa na migebuka waliovuliwa ila kwa kumbukumbu zinazoandikwa mialoni, siku baada ya siku, na watu wa kawaida. Hesabu za giza moja zikipotea kwa kuwa programu ilisema TAYARI pasipo kusikia, mwenye chombo amepoteza haki ya kudai deni lake, mvuvi amepoteza ushahidi wa sehemu yake, na mtafiti wa miaka ijayo atakuta pengo asilolijua sababu yake. Wote watatu hawatamshuku mwandishi wa programu, kwa kuwa programu yake iliwahakikishia.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wa kompyuta, katika shule za sekondari na katika vyuo vya ufundi, wasimpe mwanafunzi alama kamili kwa programu inayotoa amri, mpaka aoneshe mstari linapopokelewa jawabu na mstari linapoamuliwa la kufanya jawabu likiwa baya. Najua shule nyingi zina mashine chache kwa wanafunzi wengi, na kwamba mwalimu aliyechoka hufurahi akiona kitu chochote kimefanya kazi. Lakini somo hili halidai mashine mpya wala mtandao, na mashine ya zamani iliyosahauliwa stoo yatosha kabisa kulifundisha. Mwanafunzi na aandike programu inayoorodhesha faili, aipokee orodha, ahesabu mwenyewe faili zilizomo, kisha alinganishe hesabu yake na ile iliyotolewa na mashine. Akifika hapo atakuwa amejifunza jambo ambalo wengi wanaojiita mafundi hawalijui.

Na wewe mwenye chombo au mwenye duka unayeandikiwa programu, usiogope kwa kuwa huijui lugha ya mistari yake. Kabla hujalipa nusu ya pili ya fedha mliyopatana, mwite kijana wako akae nawe, chomoa flashi mbele yake, kisha bonyeza kitufe cha kuhifadhi nakala. Programu ikikwambia kwamba flashi haionekani, rudisha flashi iliyojaa picha na nyimbo mpaka haina nafasi, ubonyeze tena, usome inachosema. Ikisema TAYARI katika mojawapo ya mara hizo mbili, mrudishie kazi yake kwa upole, umwambie kwamba fedha iliyobaki utampa siku programu hiyo itakapojua kusema kwamba imeshindwa.